Ndinga Inachemsha, Wewe Unavimba

Oya mwanangu, zima hiyo singeli kwanza. Shusha kioo. Unasikia harufu? Tamutamu hivi, kama sukari imeungulia kwenye sufuria? Usimsingizie manzi uliyempakia, hiyo siyo pafyumu yake. Hiyo kulanti. Ndinga inachemsha, na wewe bado kiwiko kiko dirishani, unavimba.

Tulia, hatukucheki. Sawa, tunakucheka. Ila mimi nacheka kwa adabu, maana hii kozi niliisomea Katoro, mchana kweupe, boda zote za mkoa wa Geita zikiwa mashahidi.

Leo nakupa stori, halafu nakupa mchongo. Mchongo unafanyika home, chini ya mwarobaini, Ngokolo au Ibinzamata, Nyankumbu au Kakola, popote ulipopanga gheto. Gharama yake sifuri. Unahitaji macho, pua, mkono usio na haraka, na hasira kidogo za mtu aliyechoka kupigwa.

Katoro ilinipa cheti

Ndinga ni IST. Lile toleo la kwanza, lililoanza kutoka Japani 2002. Usibinue mdomo. Nusu ya kitaa imejifunzia kuvimba kwenye IST, nusu nyingine bado inaiazima. Yangu nimeipiga rimu za inchi 17, tinti nyeusi kama usiku wa Kishapu, na spika mbili nyuma zinazotingisha vyombo vya jirani. Rimu peke yake zilikula laki tisa. Kulanti? Nilikuwa nadhani ni beki mpya wa Stand United.

Safari yenyewe ilikuwa ya kula bata. Mshikaji wangu wa Katoro, duara lake la dhahabu lilikuwa limetema. Na duara likitema kule, habari inafika Shinyanga kabla dhahabu haijafika mizani. Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, mwana hafichi tena mzigo kwenye soksi. Anauza mchana, risiti mkononi, jioni anaulizia bei ya Crown. Nikasema lazima nikampe hongera zake. Na hongera hainogi kama umeshuka kwenye basi.

Tukatoka asubuhi, barabara ya Mwanza, kona Usagara, hao Kigongo. Zamani hapo ulikaa foleni ya kivuko mpaka unayachukia mahindi ya kuchoma. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, unateleza tu. Dogo mmoja kiti cha nyuma anarekodi, mimi nimeweka sura ya upole kama sijui narekodiwa. Upepo, ziwa, vaibu. Kwenye dashi hakuna taa hata moja. Sengerema, fresh. Geita mjini, fresh.

Halafu Katoro.

Kama hujawahi kuendesha katikati ya Katoro, ipo hivi: boda, guta, mchomoko umebeba watu tisa, mkokoteni wa ng'ombe na muuza miwani, na kila mmoja anaamini barabara ni ya baba yake. Tukaganda. Dakika tano. Dakika kumi. AC ikaanza kupuliza hewa ya moto. Nikasema gesi imeisha. Taa nyekundu ikawaka. Nikasema kuna mtu hajafunga mkanda. Mvuke ukaanza kufuka kwenye boneti. Hapo maneno yakaniishia.

Mama lishe mmoja akaja mpaka kwenye ndinga. Na kikombe. "Baba, hiyo chai umeweka na tangawizi?"

Boda zikaangua. Simu zikatoka. Video yangu ya darajani ilipata laiki arobaini, kumi na mbili za ndugu. Ya Katoro mpaka leo inazunguka.

Akatokea fundi. Sijui alitokea wapi, hawa watu wanasikia harufu ya mvuke kama fisi anavyosikia mzoga. Akafungua boneti, akainama sekunde kumi, akafyonza. "Hedi gasketi hii. Laki saba, na hapo nakufanyia kishkaji." Hakugusa kitu. Hakuuliza kitu. Sekunde kumi, laki saba. Hata duara halitemi hivyo.

Kilichoniokoa ni kufulia. Mfukoni nilikuwa na misimbazi mitatu, mmoja umeungwa na selotepu. Tukakaa kivulini mpaka injini ikapoa, tukajaza maji, tukageuza. Bata la watu tukalifuatilia kwenye status. Ila njiani ndinga ikaanza kuniambia kitu. Kutoka Katoro mpaka Maganzo, mwendo wote ule, haikuchemsha hata mara moja. Maganzo nikasimama kununua soda, nikaacha injini inanguruma. Dakika kumi tu: taa nyekundu.

Ikikimbia, poa. Ikisimama, jiko. Shika hiyo, tunairudia.

Amri tano za Anko Bedford

Nafika home, hata funguo sijachomoa, Anko huyo. Anko aliendesha Bedford ya kubeba pamba enzi za ushirika, na tangu hapo kila ugonjwa, wa gari au wa ndoa, anautibu kwa Bedford. Yeye alibeba pamba, sisi tunapiga pamba. Hapo ndipo kizazi kilipoachana.

"Shikamoo, Anko."

"Marahaba. Ng'wanawane, hiyo injini haiumwi. Ina kiu."

Akashusha amri tano. Nakuletea zote, ili siku dingi wako akizishusha uwe na jibu moyoni. Mdomoni kausha, usije ukalaaniwa bure.

Amri ya kwanza: fungua mfuniko wa rejeta, itoe pepo. Mwanangu, usithubutu. Sufuria ya maji hapa Shinyanga inachemka kwenye nyuzi kama 96 tu, kwa sababu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ila ndani ya rejeta maji yanapita hapo bila kuchemka, yanasogea mpaka karibu na 120, kwa kuwa mfuniko unayabana. Uangalie juu: una namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo presha unayoishikilia. Ukiufungua wa moto, presha inatoka, na yale maji yanachemka kwa mpigo, yanaruka pamoja na mvuke. Njia ya kutokea ni moja, na umeiinamia. Ni uso uleule unaopigia selfi.

Amri ya pili: imwagie injini maji ya baridi. Hedi ya hizi ndinga zetu ni aluminiamu. Ikiwa ya moto ukaipiga ndoo ya maji, inapinda au inapasuka. Hapo fundi wa laki saba anakuwa amesema ukweli, ila kazi ya kuutengeneza huo ukweli umeifanya wewe.

Amri ya tatu: toa themostati, "hicho kidude ni cha Ulaya, kwenye baridi." Hii hata mafundi wa rika letu wanaiimba. Sikia, kidude hicho ni baunsa wa mlangoni. Injini ikiwa baridi anazuia maji yasitoke ili ipate moto haraka. Ikifika nyuzi 82 hivi anaachia, maji yanaenda kupoa kwenye rejeta. Ukimfukuza baunsa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakunywa wese kama imetumwa. Na kuna injini ambazo ukimtoa, maji mengi yanapita njia ya mkato bila kuiona rejeta, zinachemsha vilevile. Akifa, ajiri mwingine. Usiache mlango wazi.

Amri ya nne: maji ni maji, kulanti ni ya nchi za theluji. Anko, chungulia birika la bibi. Ule ukoko mweupe chini umeuona? Hiyo ndiyo chumvi na chokaa ya maji ya kisima. Sasa uweke ukoko huo kwenye vimirija vya rejeta, vyembamba kuliko mrija wa juisi. Ni kweli kulanti inazuia maji yasigande, na theluji Shinyanga tutaiona siku Stand United, Chama la Wana, ikibeba kombe la Afrika. Lakini inapiga kazi nyingine tatu: inachelewesha kuchemka, inazuia kutu, inatunza wota pampu. Umekwama porini? Weka maji safi ya bomba, au ya mvua kama mbingu imekukumbuka. Ukifika, mwaga, weka kitu cha kueleweka.

Amri ya tano: pasua yai bichi, tia kwenye rejeta, litaziba tundu. Litaziba kweli. Litaziba tundu, litaziba rejeta, litaziba na hita. Unaendesha chapati mayai.

Mzee alipomaliza akaomba pesa ya soda. Ushauri wa Bedford nao una bei.

Swali la laki saba

Sasa mchongo. Asubuhi, injini imelala usiku kucha, imepoa kama majibu ya mtu uliyemkopesha. Hiyo ndiyo sheria namba moja: tunaanza na injini baridi. Ukigusa boneti ukasikia uvuguvugu, rudi ndani kanywe uji.

Anza na kitanki cha akiba, kile cha plastiki pembeni ya rejeta. Kina mistari miwili, wa juu na wa chini. Kulanti ikae katikati. Ikiwa chini ya mstari, jua inaenda mahali, na kazi yako ni kujua wapi. Fungua mfuniko wa rejeta, sasa ruksa maana ni baridi. Maji yafike shingoni. Rangi iwe ile ya kulanti yako, nyekundu, kijani au pinki. Ukikuta rangi ya chai ya rangi, hiyo kutu. Ukikuta utandu wa oili unaelea, kaa chini kwanza.

Angalia na mfuniko wenyewe. Mpira wake wa chini umekauka, umepasuka? Hapo mfuniko haubani tena, na maji yanachemka mapema. Ni kitu kidogo, bei yake haifiki hata ya kunyolea staili yako. Wana kibao wamefungua injini nzima kumbe mgonjwa ni mfuniko.

Chomoa kijiti cha oili, fungua na mfuniko wa oili. Oili iwe oili. Ukikuta imepauka kama chai ya maziwa, maji na oili vimeonana, na havikutakiwa kufahamiana. Halafu usiku ulaze boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Asubuhi lisome. Tone la rangi chini ya rejeta, chini ya hozi au chini ya wota pampu linakupa anwani ya mvujo, bure kabisa.

Ukishajua kulanti imejaa na haivuji, jiulize swali moja. Hili ndilo swali ambalo yule fundi wa sekunde kumi hakuliuliza.

Inachemsha ikiwa imesimama, au ikiwa inakimbia?

Ikiwa imesimama, kwenye foleni, stendi, au ukimsubiri manzi ajirembe, mtuhumiwa wa kwanza ni feni. Ukikimbia, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta wenyewe, feni hata ikilala hujui. Ukisimama, upepo umekata, feni ndiyo mapafu. Washa injini, washa AC. Ndinga nyingi hizi zetu, AC ikiwaka feni nayo inawaka. Simama mbele uangalie, mikono nyuma kama uko paredi. Feni ya umeme haina adabu, inaweza kuamka yenyewe, na hiyo cheni yako ya dhahabu ya mchongo itakuwa ya kwanza kuondoka. AC imewaka, feni imekausha? Umempata mtu wako. Na ile AC iliyopuliza hewa ya moto Katoro ilikuwa inalia kwa ugonjwa huohuo, mimi nikaisingizia gesi.

Ikiwa inakimbia, mlima, mzigo, barabara ndefu ya Isaka au Ushirombo, feni mwachie. Hapo maji hayazunguki vya kutosha au hayapoi. Piga tochi ya simu kwenye rejeta, mwenzako akae upande wa pili. Mwanga haupiti? Zile nyavu zimejaa vumbi jekundu la Nyarugusu, majani na panzi wa msimu mzima. Ioshe injini ikiwa baridi, maji ya mpira wa kawaida, kutoka upande wa injini kuja mbele. Ile mashine ya kuoshea yenye presha kubwa achia rimu, kwenye rejeta inalaza nyavu zote. Mwanga ukipita na bado inachemsha, uchafu uko ndani, au wota pampu imechoka, au belti inateleza, au baunsa amelala mlango umefungwa. Baunsa unampima hivi: injini ikishapata moto, zima, gusa kwa kitambaa hozi ya juu na hozi ya chini. Juu moto, chini baridi kama soda? Maji hayapiti. Themostati haijafunguka, au rejeta imeziba.

Kuna na jibu la tatu, lile linalouma: inachemsha muda wote, hata hujatoka getini, na maji yanapungua bila tone kwenye boksi. Iwashe ikiwa baridi, mfuniko wa rejeta wazi, chungulia kwa mbali dakika moja. Mapovu mawili matatu ya mwanzo ni hewa tu. Yakiendelea bila kukoma kama uji wa dona, ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Zima, funga. Siku nyingine, mfuniko umefungwa, minya hozi ya juu dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi. Ikiwa ngumu tayari, imevimba kama wewe siku ya rimu mpya, na nyuma unatoka moshi mweupe mzito wenye ile harufu ya sukari, basi ndiyo hedi gasketi yenyewe. Hapo mchezo wa home umeisha. Usiiwashe tena, ivutwe mpaka gereji, hedi ikapimwe na kuchongwa. Hii ndiyo laki saba halali. Lipa bila kununa.

Unaona? Kuvimba kuko kwa aina mbili. Kwako kunaisha ukifulia. Kwa hozi kunaanza kukufilisi.

Kilichokuwa kinaumwa

IST yangu: kulanti ilijaa baada ya kuongeza, boksi kavu, oili safi, hozi laini, hakuna mapovu. AC on, feni kimya.

Nikafungua boksi la fyuzi kwenye injini. Fyuzi ya feni nzima, ule waya wa ndani haujakatika. Pembeni yake rilei, kile kidubwasha cha plastiki kama sabuni ya gesti. Humohumo kulikuwa na rilei nyingine pacha, umbo moja, namba moja, ya kazi nyingine. Nikazibadilisha nafasi. AC on.

Vuuuuu.

Nilicheka peke yangu chini ya mwarobaini kama kichaa wa soko kuu. Rilei nyingine niliipata duka la spea kwa buku nane. Laki saba imeshuka mpaka buku nane, na chenji ya msimbazi nikamnunulia Anko soda. Mbili.

Sasa kuna wana wangenipa njia ya mteremko: funga feni dairekti. Unavuta waya toka betri, unaweka swichi kwenye dashi, tena ile swichi nyeupe ya ukutani ya chumbani kwa watu. Mwanangu, hiyo ni soo. Ukisahau kuzima, betri inalala. Ukisahau kuwasha, Katoro inakusubiri. Na manzi akiuliza hiyo swichi ya nini, utasema inawasha taa ya koridoni?

Cha kuvimbia na cha soo

Cha kuvimbia msimu huu ni lita moja ya kulanti kwenye buti, rangi ileile iliyoko kwenye rejeta. Usichanganye rangi kama nguo za vigodoro, si zote zinaelewana. Tochi, kitambaa kizito, rilei ya akiba. Vyote pamoja havifiki bei ya spika moja, na siku ya siku vinapiga kelele kuliko spika.

Cha soo ni dumu la maji ya kisima nyuma ya kiti, limeota ukijani. Soo kubwa zaidi ni mfuniko wa rejeta uliobanwa na mfuko wa rambo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo umeua injini na kesi unayo.

Na ninyi wa Crown, msijifanye hamsomi. Nawaona. Injini kubwa, rejeta ileile iliyokuja nayo toka Japani, haijawahi kuoshwa. Crown ikichemsha inachemsha na heshima zake, ila mvuke ni uleule, na mama lishe ana kikombe kimoja kwa wote.

Bei inayouma kuliko zote ni ya kuendelea kuendesha. Taa nyekundu imewaka, unasema "nifike tu pale Tinde". Pale Tinde injini inagoma, hedi imepinda, na ile rilei ya buku nane imezaa mtoto wa milioni. Vigari vingi vidogo havina hata geji ya joto: vina taa ya bluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikishawaka moto. Nyekundu haikuombi. Inakupa taarifa ya msiba.

Ikikushika njiani

Zima AC. Washa hita, joto la mwisho, feni ya ndani mpaka juu. Najua, Shinyanga, mwezi wa kumi, saa nane mchana. Utatoka jasho kama umetoka kucheza bugobogobo, pamba zote zitalowa. Ila hita inanyonya joto toka kwenye injini, inakuletea wewe. Ni wewe au hedi, na wewe huna gasketi.

Halafu toka barabarani, egesha, zima. Ukiona mvuke, usikimbilie boneti kama unaokoa mtoto. Kaa nusu saa, hata zaidi. Rusha triangle, nunua michembe, tafuna. Ikishapoa kabisa ndiyo kitambaa, mfuniko taratibu, maji kidogo kidogo. Wakati unasubiri, anza kujiuliza swali letu. Fundi akija, umuulize wewe kwanza. Utaona sura inavyobadilika, na bei nayo.

Ndicho kilichotokea juzi kijiweni kwetu. Mwana mmoja kaja na ndinga inafuka, kila mtu kajitokeza na gasketi yake mdomoni. Nikawa nakohoa tayari kumpa swali, niuze sura kidogo. Sauti ikanitangulia toka chini ya mwarobaini.

"Kijana, inachemsha ikiwa imesimama, au ikiwa inakimbia?"

Anko. Soda mkononi, miguu juu ya tairi. Vijana wote wamemgeukia kama profesa. Mmoja akamuuliza, mzee, hiyo umejifunzia wapi?

Akapiga fundo moja la soda, akaniangalia mimi usoni bila haya.

"Kwenye Bedford."